Mama wa papa na gayogayo wa babu

Mleta uzi ameuliza ni nani ambaye hukuwahi kuonana naye lakini msiba wake ulikugusa. Wangu ni Eugenie Clark, mtaalamu wa samaki wa Marekani, aliyefariki Februari 25, 2015 akiwa na miaka 92.

Nimekulia Kilindoni, Mafia. Enzi hizo wazee walikuwa wanavuta juya (wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukweni) na sisi watoto tunachambua samaki ufukweni. Siku moja nikamshika gayogayo, yule samaki bapa, mwenye madoadoa, nikamminya. Kando ya mapezi yakatoka matone meupe kama tui, yanateleza, vidole vikaanza kuniwasha, halafu ganzi. Babu akacheka: "Huyo hata papa hamtaki." Nikanawa, yakaishia hapo.

Miaka ikapita, nikaanza kupeleka wageni kuogelea na potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote. Mgeni mmoja mpiga mbizi akanisimulia habari za huyu Eugenie Clark. Naye alimshika gayogayo wa namna hiyo kule Bahari ya Shamu, vidole vikamwasha vilevile. Ila yeye hakuishia kunawa. Akawapelekea papa samaki yule akiwa hai. Papa wakaja midomo wazi, taya zikagoma kufunga, wakageuka wakitikisa vichwa. Yale maziwa ni sumu. Nikabaki kimya kwenye boti. Kumbe mzee alikuwa anajua!

Nikaanza kumfuatilia. Mama yake Mjapani. Mwaka 1955 alianzisha maabara Florida, na humo akawafundisha papa kusukuma ubao kwa pua ndipo wapewe chakula, wakati watu wanaamini papa ni tumbo tu, hana akili. Lakini kilichonikamata ni kwamba ujanani alikwenda visiwa vya Palau, akafundishwa kuvua samaki kwa mkuki na mvuvi wa hukohuko. Msomi huyo! Wengi waliokuja kwetu na makaratasi yao wanachouliza ni bei ya boti.

Habari ya kifo ilinikuta katikati ya msimu wa potwe. Jioni nikaenda kwa babu, nikamweleza yote, gayogayo, papa, mpaka kwamba mwaka mmoja tu nyuma bibi yule alikuwa bado anazamia. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama bibi yule alishawahi kumla huyo gayogayo, maana ukimkuna vizuri ni mtamu.

Sikuwa na jibu.