Maswali Yenu: Serikali inunue kompyuta ya kwantamu ama iwachane nayo?

SWALI: Habari mhariri. Mimi nafundisha fizikia shule ya upili huku Kakamega. Juzi ofisi ya walimu iliwaka moto, mmoja anasema Marekani na China wanamwaga mabilioni kwa kompyuta za kwantamu na sisi tumelala tu, mwingine anasema huo ni ushuru wa kupoteza wakati wanafunzi wetu wanagawana mita moja ya kupima umeme maabarani watu sita. Sasa serikali ifanye nini? Na M-Pesa itavunjwa kweli? – Mwalimu, Kakamega

JIBU: Mwalimu, mimi niko karibu na huyo wa mita, ingawa huyo mwingine pia hajakosea sana. Kwa msomaji mgeni, kompyuta ya kwantamu ni mashine inayotumia tabia za chembe ndogo sana, kama atomu, kupiga hesabu fulani haraka kuliko kompyuta ya kawaida.

Pesa ziko, ni ukweli. Mwisho wa 2018 Marekani ilipitisha sheria ya kuidhinisha zaidi ya dola bilioni 1.2 kwa miaka 5, na Ulaya mwaka huo huo ikaanza mpango wake wa euro bilioni 1 kwa miaka 10. (Kuidhinisha pesa na kuitoa ni vitu viwili, waulize magavana wetu.) Sehemu ni sayansi, sehemu ni woga, juu mwaka wa 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu ikiwa kubwa ya kutosha inaweza kuvunja enkripsheni (njia ya kufunga data isisomwe na mtu mwingine) inayoitwa RSA, ambayo inategemea ugumu wa kurudisha namba kubwa kwa vigawo vyake. Lakini hiyo "kubwa ya kutosha" bado haijafika. Willow, chipu ya kwantamu ya Google iliyotangazwa Desemba 2024, iko na kyubiti 105 (kyubiti ndio kipande cha msingi cha kuhesabia cha mashine hizi), na makadirio mengi ya kuvunja RSA yanataja malaki huko. Kwa hivyo M-Pesa yako leo inatishwa zaidi na yule kijana wa kukupigia akijiita kastama kea.

Sasa serikali ndio iko na shida tofauti, na hapa ndio watu hawaangalii. Mtu anaweza kunasa data leo ikiwa imefungwa, akaiweka tu, akangoja mashine ije. Namba ya siri utabadilisha, sawa, lakini alama za vidole utabadilisha na nini? Faili ya hospitali ya mtoto aliyezaliwa Kisumu mwaka huu inafaa kubaki siri hata 2060. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianza kutafuta enkripsheni mpya 2016 na Agosti 2024 ikatoa viwango 3 vya kwanza, na Marekani na Uingereza zote zinalenga kumaliza kuhamia enkripsheni hiyo mpya kufikia 2035. Utamu ni kwamba hivyo viwango viko wazi na vinafanya kazi kwa kompyuta za kawaida, hakuna haja ya kununua mashine ya kwantamu ndio ujikinge nayo.

Kwa hivyo kazi ni ya kuchosha: kila wizara na kila kaunti iandike ni wapi inatumia enkripsheni, ni gani, na tenda zote mpya ziseme mfumo lazima uweze kubadilishiwa enkripsheni bila kubomolewa wote. Hakuna mheshimiwa atakata utepe hapo, najua.

Kununua mashine? Hapana. Nyingi zinataka baridi ya karibu nyuzi 273 chini ya sifuri mchana na usiku, na huku stima inapotea mvua ikinyesha. IBM ilifungulia watu mashine yake kwa intaneti tangu 2016, mtu akiwa Maseno anaitumia. Pesa ziende kwa watu na maabara. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inasema mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na hatujawahi kufika huko. Huyo mwenzako wa mabilioni aanzie kelele hapo.

SWALI: Niko mwaka wa tatu, hesabu, hapa Njoro. Hii kwantamu iko na kazi ama nitakaa tu na cheti? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Soma aljebra ya lainia mpaka ikae kichwani, jifunze Python, lugha ya kuandika programu, kisha Qiskit, programu ya IBM ya kuandikia kompyuta za kwantamu, ni ya bure. Lakini kama unataka mshahara mapema egemea upande wa enkripsheni, juu benki, sako na serikali zote zitahitaji watu wa kuzihamisha kwa enkripsheni mpya, na hiyo kazi haingoji mashine ikamilike.