Nani anaongea kwenye katuni za mwanao?

Binti yangu alikuwa na miaka mitano siku niliyomkuta amelala chali sakafuni, macho kayafumba, mikono kaikunja kifuani. Kaka yake alikuwa anazunguka sebule nzima na mwiko, akipigana na joka. Nikamuuliza, "Mbona wewe hupigani?" Akajibu bila kufumbua macho: "Mimi ndiye msichana, mama. Nasubiri."

Neno hilo lilinikaa rohoni wiki nzima. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumfundisha kusubiri. Ila mimi ndiye niliyekuwa nawawashia katuni kila jioni ili nipate nafasi ya kupika, na sikuwahi kukaa nao nione wanachoangalia.

Kwanza nilipiga marufuku. Hata siku nne hazikuisha, wakawa wanakwenda kuangalia kwa jirani, tena huko hakuna wa kuzungumza nao. Basi nikaketi nao mwenyewe, na nikaanza kuhesabu. Mara nyingi nilikuta kundi la marafiki ambamo mmoja ana akili, mwingine mchekeshaji, mwingine mvivu, halafu yuko msichana mmoja ambaye sifa yake ni kuwa msichana, basi. Mwaka 1991 mwandishi wa Marekani, Katha Pollitt, aliipa hali hii jina la Smurfette, aliyekuwa mwanamke pekee kwenye kundi la vibonzo wadogo wa bluu waitwao Smurfs. Vibonzo hao walianza kuchorwa Ubelgiji mwaka 1958, naye akatokea mwaka 1966. Na kwenye hadithi yenyewe aliumbwa na adui yao ili aje kuwavuruga!

Usidhani ukimtafutia mwanao katuni yenye shujaa wa kike umemaliza kazi. Mimi nilidhani hivyo. Wanaisimu wawili, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno yanayosemwa katika filamu za mabinti wa kifalme za Disney. Katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, ambamo msichana nguva anatoa sauti yake ili apate miguu, wanaume wanasema asilimia 68 ya maneno yote. Katika Mulan ya mwaka 1998, yenye msichana anayekwenda vitani, wanaume wanasema asilimia 77. Kwa hiyo ukikaa na mtoto, sikiliza pia ni nani anaongea, nani anapanga, nani anatoa amri.

Watazame pia wanawake wazee wa kwenye katuni. Hili lilinitisha kuliko hata lile la kusubiri. Siku moja mwanangu wa kiume alijificha nyuma yangu kwa sababu bibi mmoja mwenye mkongojo, mtu mpole kabisa, alimsalimu. Akaninong'oneza, "Ni mchawi." Nilipofikiria nikaona kwamba mama mzazi kwenye hadithi hizi mara nyingi ameshafariki, na mwanamke mzee anayebaki ndiye mwenye wivu, sumu na pua ndefu. Jioni ile nilimrudisha kwa yule bibi, tukakaa naye, akatusimulia utoto wake mpaka giza likaingia.

Ninachokushauri ni kuuliza swali moja dogo katikati ya katuni, kisha unyamaze. Ukihubiri wanaziba masikio. Mimi huuliza, "Huyu dada anapenda nini?" Mara nyingi wanangu hutazamana wakakosa jibu, na hapo mazungumzo huanza yenyewe. Na muulize mvulana pia, maana yeye ndiye anayefundishwa kwamba wenzake wa kike wapo ili waokolewe.

Juzi binti yangu alichukua mwiko, akamwambia kaka yake alale. Akalala. Haikupita dakika mbili akainuka: "Inachosha hii!"

Dada yake akamtazama. "Ndiyo," akasema, "inachosha sana."