Mwenzi wa ndoa si lazima awe mbia
Umeuliza kama mkeo, kwa kuwa ni mwenzi wako wa maisha, tayari ni mbia wako wa biashara. Hapana, si moja kwa moja. Ndoa na ubia ni makubaliano mawili tofauti, hata kama mnashirikiana kila kitu nyumbani.

Ubia una uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika ubia wa kawaida, usio kampuni, mbia mmoja akikopa kwa jina la biashara, deni ni la wote, na mali binafsi ya kila mmoja inaweza kuguswa. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 inasema msipokubaliana vingine, faida mnagawana sawa kwa sawa, hata kama mtaji wote umetoka kwa mmoja. Kwa hiyo andikianeni: nani ameweka nini, nani anatia saini, na mmoja akitaka kujitoa itakuwaje.

La pili, na kwangu ndilo kubwa: anayefanya kazi atambuliwe. Mwaka 1903 mwanafizikia Mfaransa Pierre Curie alipopata fununu kwamba Tuzo ya Nobel ya fizikia ingemwacha nje mkewe Marie, aliyefanya naye utafiti, aliandika kuomba wahesabiwe pamoja. Wakapewa wote wawili, pamoja na mwanafizikia mwingine, Henri Becquerel. Kama mkeo ndiye anayekesha akijumlisha stakabadhi, jina lake liwemo kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki, siyo kwenye shukrani tu.