Taa ya geji haiwaki? Anza na ethi

Mdogo wangu unayeanza ufundi umeme wa magari, nilipokuwa najifunza kwenye gereji ya hapa Mwanjelwa nilifungua geji nyingi za watu bila sababu. Taa ikigoma, geji yenyewe ishuku mwisho kabisa.

Geji za kuongeza, iwe ya joto, ya oili au ya bustu (mgandamizo wa hewa ya tabo), mara nyingi huja na waya nne au tano. Nyekundu ni moto wa swichi (umeme unaokuja ukifungua swichi ya gari), nyeusi ni ethi (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, mara nyingi kupitia bodi), nyeupe au ya rangi ya chungwa ni ya taa, inayobaki inakwenda kwenye sensa. Rangi hizo lakini hubadilika kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo isome ile karatasi ya kwenye boksi. Wateja wengi huitupa, mwambie akaitafute.

Kuna Noah ililetwa kutoka Tukuyu. Geji ya joto inawaka hafifu, na dereva akiwasha taa kubwa mshale unapanda kama vile injini inachemka. Geji ilishabadilishwa, sensa nayo ikabadilishwa. Nikaomba wawashe taa zote, nikaweka mita kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, mwekundu kwenye ethi ya geji. Ikasoma 1.4. Ethi nzima inatakiwa ikae karibu na sifuri, ikizidi 0.2 hivi, ifuatilie. Nikaufuata ule waya mpaka kwenye bolti chini ya dashibodi: rangi ya gari haijakwanguliwa, na kwenye kichwa cha waya kuna ukungu wa kijani. Kwa mvua za Rungwe usishangae. Msasa, chuma king'ae, bolti ikazwe, basi. Mshale ukatulia.

Fundi aliyenitangulia alikuwa ameipima ethi hiyohiyo akasema ni nzima. Alitumia mlio wa mita, taa zikiwa zimezimwa. Uzi mmoja tu wa waya uliobaki unatosha kuifanya mita ilie, ila hauwezi kubeba mzigo. Ethi ipime inapofanya kazi.

Kama taa inawaka ila haififii pamoja na za dashibodi, jua kwamba kwenye magari mengi ya Toyota kile kirungu cha kupunguza mwanga kinakaa upande wa hasi. Ukichukua moto wa taa za paking na kufunga ethi kwenye bodi, taa ya geji itawaka kwa nguvu zote usiku kucha. Geji yenye waya hasi wa taa peke yake, waya huo upeleke kwenye kirungu. Kama ethi ya taa na ya geji ni moja, usiipeleke huko, vipimo vitadanganya. Mwambie mteja ukweli, avumilie mwanga.

Balbu ya LED uliyoipachika isipowaka, igeuze kwanza kwenye soketi. Ina chanya na hasi. Ni kazi ya sekunde tano na watu huagiza balbu nyingine.

Vile viklipu vya kubana waya bila kumenya mimi sivipendi. Hukata nyuzi ndani, na barabara yenye matuta humalizia. Menya, sokota, choma risasi.

Malori ya njia ya Tunduma nayo ni habari nyingine. Mengi ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa mfululizo. Pale Uyole niliwahi kuangalia betri moja, nikaona imeandikwa 12, nikaridhika, nikaunga geji ya volti 12 kwenye moto wa swichi bila kupima. Taa iliwaka vizuri sana, nyeupe kuliko nilivyowahi kuiona, kisha ukaja moshi. Geji ile niliilipa kwa awamu tatu.