Mavyaa hakukunyang'anya mume, alikunyang'anya chumvi

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kisauni, nina watoto wawili, wa miaka 11 na 7. Mume wangu ana miaka 38. Moyo wake umepanuka, na daktari amesema dawa zimefika mwisho, sasa ni kupandikizwa moyo mwingine. Wifi yangu wa miaka 29 naye alipatikana na ugonjwa huo huo baada ya kujifungua, naye anangoja moyo. Kaka yao mkubwa alitangulia mbele ya haki miaka sita nyuma, ghafla. Mchango umefanywa na pesa zimeshikwa na mavyaa. (Nilikopa kidogo humo kwa harusi ya mdogo wangu, na nyingi nilirudisha.)*

*Tangu mavyaa ahamie kwangu sina nyumba. Chumvi ameifungia kabatini, ufunguo kaufunga pindoni mwa leso. Maji ya mume wangu anayapima kwa chupa. Nilileta madafu, akayamwaga. Majuzi alipokwenda Malindi msibani nilimpikia mume wangu wali wa nazi na papa, na achari kidogo, akala kwa raha. Kwa siku mbili akaongeza kilo mbili na nusu, nikamshukuru Mungu kuwa ananenepa. Kisha akalazwa, na lawama zote zikanirudia mimi. Kitandani haji. Miezi mitatu analala kwenye kiti ukumbini, karibu na mlango wa mamake. Sasa nasikia mavyaa anataka binti yake ndiye atangulie India kupandikizwa. Na wanangu wanataka kuwapeleka kupimwa moyo, nimekataa. Ni wazima kabisa, wanacheza mpira. Nimfanyeje mama huyu?*

*Mke asiye na nyumba*

Marahaba, mwanangu. Pole. Mume mgonjwa, wifi mgonjwa, shemeji kaburini, ni mengi kwa nyumba moja. Pole hiyo ipokee uiweke vizuri, maana baada ya hapa sina nyingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilitaka kupanda tuktuk nije Kisauni nimpe mkono mavyaa wako.

Tuanze na hizo kilo mbili na nusu. Mgonjwa wa moyo hanenepi kwa siku mbili. Yale yalikuwa maji. Papa mwenyewe kakaushwa kwa chumvi, na juu yake ukamtilia achari. Chumvi huyashika maji mwilini, na moyo uliochoka hauna nguvu za kuyasukuma, basi yanatuama: miguuni, tumboni, mwisho mapafuni. Ndiyo sababu wagonjwa hawa huambiwa wapande mzani kila asubuhi, wakishakojoa na kabla ya chai, na waandike. Kilo mbili zikiongezeka kwa siku mbili tatu, mtu hangoji, anampigia daktari. Weye ulizisoma zile kilo, ukazijua mpaka nusu yake, ukashukuru. Mavyaa angekuwepo angemtia mwanawe garini jioni ile ile.

Haya, kiti. Hapo niliweka barua chini nikenda kunywa maji. Mwanangu, miezi mitatu mumeo analala ameketi na weye wadhani ni mapenzi yamekwisha? Mtu mwenye maji mapafuni akilala chali pumzi humkata, huamka akitweta kama aliyetolewa baharini. Kwanza huongeza mto mmoja, kisha wa pili, wa tatu, halafu ndipo huhamia kitini. Jaribu kukumbuka: kabla ya kiti, mito mingapi ilikuwa upande wake? Hakukukimbia weye, amekikimbia kitanda. Na akienda tena kliniki, jambo hili daktari aambiwe waziwazi, kwamba mgonjwa halali ila ameketi. Ama kukaa karibu na mlango wa mamake, mtu anayekosa pumzi usiku hukaa karibu na yule anayeamka. Nisamehe, lakini hebu jiulize weye huamka?

Madafu nayo. Najua ulileta kwa mapenzi, na jua hili la Mombasa dafu ni dawa kwa mwenye afya. Lakini maji ya dafu yana madini ya potasiamu kwa wingi, na katika vidonge wanavyopewa watu wa moyo mna vile vinavyoizuia potasiamu isitoke mwilini, kama spironolaktoni. Ikizidi, mapigo huenda segemnege na moyo waweza kusimama. Tena dafu moja ni glasi nzima na zaidi, na hao hupimiwa maji yao kwa siku, mara nyingi lita moja na nusu, chai na uji na mchuzi vyote vikihesabiwa humo. Mavyaa pengine hata hilo neno potasiamu hajapata kulitamka. Kliniki aliambiwa, akasikia, akarudi nalo nyumbani. Hapo kwenye kumwaga tu ndipo nasema alikosa adabu kidogo, kwani watoto si wapo? Angewapa.

Wasema anampendelea binti yake. Na mumeo ni mwana wa nani? Aliokotwa kwenye feri ya Likoni? Wote wawili wametoka tumbo moja, na wa kwanza wao yuko mchangani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama aliyezika mmoja kwa moyo huu huu ana haki ya kushtuka akiona papa sahanini. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na weye wampungia ung'ongo kila siku.

Tena nani alikwambia kuwa mavyaa ndiye mwenye kupanga foleni? Moyo haugawanywi kama nyama ya akika. Hutazamwa damu: mwenye kundi la O hupokea moyo wa O peke yake, ndiyo maana hao husubiri zaidi. Hutazamwa na umbo, kwani moyo wa mwanamke mwembamba hauwezi kuuendesha mwili wa mwanamume wa miraba minne. Hutazamwa nani amezidiwa. Mumeo na dadake huenda hata hawangojei moyo wa aina moja. Mtu ana figo mbili na ndugu aweza kumpa moja, lakini moyo ni mmoja, hutoka kwa aliyekufa ubongo na jamaa zake wakaridhia. India wana sheria ya viungo tangu 1994, na kule raia wao hutazamwa kwanza, mgeni hufuata. Na ukishatolewa kifuani moyo hukaa saa nne hivi, basi. Kwa hiyo anayengoja hawezi kungojea Kisauni. Hupanga chumba karibu na hospitali ile, miezi, na mtu wa kumtunza, simu isizimwe usiku wala mchana.

Na huyo mtu wa kumtunza atakuwa nani? Swali hilo hukuliuliza barua nzima.

Nikupe kisa kidogo. Moyo wa mtu wa kwanza kupandikizwa kwa mtu ulipandikizwa bara hili letu, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Daktari alikuwa Christiaan Barnard, mgonjwa Louis Washkansky. Aliishi siku 18. Moyo wenyewe ulikuwa ukipiga vizuri tu, akafa kwa nimonia, kwa kuwa dawa zinazouzuia mwili usiukatae moyo mgeni huishusha kinga. Mwezi uliofuata Barnard alimpandikiza Philip Blaiberg, huyo akaishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Siku hizi zaidi ya nusu yao huvuka miaka 10. Lakini zile dawa ni za maisha, kwa saa zake, siku zote. Ukiruka, mwili unaanza kuushambulia moyo. Basi wa kufuatana na mgonjwa ni nani, aliyefunga ufunguo wa chumvi pindoni mwa leso au aliyengoja mwenye ufunguo asafiri?

Pesa nitapita haraka, maana naona haya kwa niaba yako. "Nilikopa kidogo", "nyingi nilirudisha". Kidogo ngapi? Nyingi ngapi? Mtu asiyetaja hesabu anayo kichwani. Kuna mama muuza mahamri aliyetoa mia mbili yake ili mtu apate moyo, weye ukashonea dera la sare. Rudisha iliyobaki wiki hii, kabla hujaandika neno jingine juu ya mavyaa. Yeye naye nitamwambia lake: pesa za watu zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe walii. Ziwekwe benki, kwa saini tatu, za upande wa mume, upande wa mke na jirani mmoja asiye na ukoo nao.

Ndoa za siku hizi zanichosha. Harusi siku nne, hina mpaka viwikoni, ukumbi umepambwa kama duka la vyombo, biharusi kasuguliwa singo wiki nzima ang'ae pichani. Na somo, kungwi wa biharusi, analipwa. Amfunza nini mwari? Udi, viungo, na namna ya kumpokea bwana akirudi. Hamna anayemfunza jinsi ya kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumvunja mgongo, wala kubonyeza kifundo cha mguu aone kama kidole kimeacha shimo. Somo wangu mimi, Mungu amrehemu, usiku mmoja aliniketisha kando ya bibi yake mwenye pumu, hakunipa hata mkeka. "Sikiliza pumzi," akaniambia. Nilikasirika mno, nina hina mkononi, naanza kusinzia, yule bibi anakoroma kama jahazi linalopasuka. Miaka ishirini baadaye mume wangu alipoanza kuugua nilikuwa nikimsikia kutoka jikoni. Sasa hivi mtu anamjua mumewe kwa kumbonyezea simu tu. Akiugua, anatafuta nani wa kulaumiwa, na mavyaa ndiye wa karibu. Lakini nimetoka njiani.

Nirudi kwa watoto, maana ndio barua yenyewe, ingawa umewatia mwishoni kama kitu ulichokikumbuka unafunga bahasha.

Ndugu watatu wa tumbo moja. Mmoja alianguka, wawili mioyo imepanuka. Hiyo si hasadi wala jicho. Kuna huko kupanuka kwa moyo kunakotembea katika damu ya ukoo, na mara nyingi kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Wanao wawili ni wa mgonjwa. Wasema ni wazima, wanacheza mpira. Mwanangu, shemeji yako si umeandika alikwenda ghafla? Basi asubuhi ile naye alikuwa mzima kabisa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hapo ndipo nilipokuelewa, na hasira ikanipungua. Weye hugombani na mavyaa kwa chumvi. Nani hasa aliyesema watoto wapimwe? Umeandika "wanataka", hukumtaja mtu, na mengine yote umemtaja kwa jina la mavyaa. Ni yeye, au naota? Kila akipima maji ya mwanawe weye waona siku utakayopima ya mwanao, na hilo hutaki kuliona. Ni woga huo, na mimi ningekuwa nao. Lakini woga haumzuii ugonjwa mlangoni.

Chenyewe kipimo hakina ukali. Mtoto hulazwa kwa ubavu wa kushoto, hupakwa jeli ya baridi kifuani, mdogo atacheka, na moyo wake huonekana kwenye kioo ukifunguka na kufunga. Hiyo ndiyo eko. Kisha kuna kile cha umeme wa moyo, nyaya za kubandika, dakika chache kwisha. Hakuna sindano katika vyote viwili. Wakikutwa salama watarudishwa kila baada ya muda, kwani ugonjwa huu wakati mwingine huchelewa kujitokeza. Akikutwa mmoja umemuanza, dawa huanza sasa, kabla mguu haujavimba, na huenda asifike alipofika babake. Na mpira, daktari ndiye atakayesema uendelee au usimame, si weye wala si mimi.

Ile achari iliyobaki mpe jirani asiye na presha. Usiku wa leo kaa na mumeo ukumbini, lete kiti chako, msiongee kama hamna la kuongea. Jumatatu wavishe watoto mashati yenye vifungo mbele, chukua ripoti za baba yao na za wifi yako, daktari ataziuliza. Mwambie mavyaa mfuatane. Atakwambia ana chungu motoni. Msubiri aepue.