Ukitaka kusoma Kihispania cha kale, anza na punda

Vijana wanaojiandaa kwenda kusomea shahada ya Kihispania huniuliza kama isimu na fasihi ya kale zinaepukika. Nilikosoma mimi hazikuepukika, na niliwaona hata wenzangu Wahispania wakizikwepa hadi mwaka wa mwisho. Usiwaige. Ila usianzie pale mtaala unapoanzia.

Walimu hupenda kuanza na Cantar de mio Cid, utungo unaomhusu shujaa Rodrigo Díaz, aitwaye Cid, aliyefia Valencia mwaka 1099. Ni kazi kubwa, sibishi. Lakini imejaa koo za Kastilia na sheria za mabwana na watwana wao, na mswada wa pekee uliosalia umepoteza ukurasa wa mwanzo. Unaingia, shujaa analia anaondoka kwake, nawe hujui kisa. Mgeni huchoka kabla hajaonja utamu.

Anza na Calila e Dimna, kitabu cha hadithi za wanyama kilichotafsiriwa kutoka Kiarabu yapata mwaka 1251 kwa amri ya Alfonso, muda mfupi kabla hajawa mfalme wa Kastilia. Humo yumo kima mwenye urafiki na kobe wa majini. Kobe anamchukua mgongoni akiutaka moyo wake uwe dawa, na kima anajiokoa kwa kusema moyo ameuacha nyumbani. Akishafika salama, anasimulia habari za punda asiye na moyo wala masikio. Umeshamjua? Ni kima na papa, na ndani yao Punda wa Dobi, hadithi ambayo Edward Steere aliichapisha kwa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Hata mpangilio ni uleule, kisa ndani ya kisa. Chimbuko lake ni India.

Faida yake ni hii: kisa unacho tayari kichwani, kwa hiyo akili yote inabaki kwenye lugha. Utaona "fijo", "fazer" na "fablar" mahali ambapo leo wanaandika "hijo", "hacer" na "hablar". Usikimbilie kitabu cha isimu kikupe kanuni. Kusanya mifano yako mwenyewe kwenye daftari, kwanza hiyo ya f iliyogeuka h, kisha ndiyo ufungue historia ya lugha ya Rafael Lapesa. Ukiianza na daftari tupu inachosha. Ukiwa na mifano yako, kila ukurasa unakujibu swali ulilokwisha kujiuliza.

Na soma kwa sauti. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu, na Kihispania cha karne ya 13 kilikuwa na sauti ambazo Mhispania wa leo amezipoteza ila sisi tunazo. "Dixo" itamke "disho". S moja katikati ya irabu ilikuwa z, na s mbili ndizo zilizokuwa s yetu. (Wafaransa, wanaoliandika jina la Don Quixote kama Quichotte, bado wanaitunza ile sh ya zamani.) Darasani nilipata raha ndogo ya kuwasikia wenyeji wakihangaika na z ya "casa".

Kutoka hapo nenda kwa mshairi Juan Ruiz na kitabu chake Libro de buen amor, cha karne ya 14. Punda yuleyule yumo, safari hii katika beti za mishororo minne yenye kina kimoja. Aliyelelewa na tenzi hatapata shida kuhesabu, na ukifika kwenye nyimbo za masimulizi ziitwazo "romances" utakuta mizani nane, kama kipande cha utenzi. Ila hesabu yao ina vituko. Irabu mbili za maneno jirani mara nyingi huhesabiwa moja, na mshororo ukiishia kwenye silabi yenye mkazo huongezewa mizani moja. Vina vya "romances" hulinganisha irabu tu. Malenga wa Lamu angeliita shairi hilo guni. Tenga muda wa kuzoea, maana mitihani hupenda sana sehemu hii.

Kilatini kidogo ni lazima, angalau miishio ya nomino na vitenzi. Vifaa havina gharama: hazina ya matini ya CORDE ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, iko wazi mtandaoni, na unaweza kutafuta neno lolote uone liliandikwaje katika karne gani. Biblioteca Nacional de España nayo imeweka mtandaoni picha za mswada wa Cid.

Maelezo yako yaandike kwa Kiswahili. Ukipitia Kiingereza kwanza, utaanza kuifikiria "rr" na irabu zile kwa masikio ya Mwingereza, na huyo zinamshinda. Cid mrudie mwaka wa pili.