Jibu: Timu changa isiyo na nyota

Salamu ndugu wa Kondele. Umeuliza kama vijana wako wa mpira wa kikapu wanaweza kugombea ubingwa bila nyota wa kweli, au usubiri mpaka umpate. Usisubiri.

Nawafunza vijana hapa Nakuru, na cha kwanza ninachoangalia ni dakika mbili za mwisho mechi ikiwa sare: mpira unaenda kwa nani, na wenzake wanakubali? Kama kila mtu anaukwepa, shida iko hapo. Fanyeni mazoezi ya hali hiyo hiyo kila wiki, saa ikihesabu, na umpe mmoja jukumu hilo hata kama hana kipaji cha ajabu.

Detroit Pistons wa 2004 waliwafunga Lakers ya Shaquille O'Neal na Kobe Bryant 4-1 kwenye fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kwa ulinzi hasa. Kweli, Oklahoma City Thunder, vijana waliotwaa ubingwa 2025, walikuwa na nyota, Shai Gilgeous-Alexander. Lakini kule timu mbili hukutana hadi mechi saba kila raundi ya mtoano. Nyinyi mkicheza mtoano wa mechi moja, ulinzi mkali utawafikisha mbali sana.

Sijaiona timu yenu ikicheza, hivyo tuambie: ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtu kukosa kikapu, huchukua nani?